Mtunguja wa Nyuma ya Bafu

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasimamisha kalamu, nikiingoja ile marahaba yako ndefu iliyokuwa ikianzia jikoni na kuishia uani. Haikuja. Basi naendelea.

Mimi ni mzima. Kaka Yohana naye mzima, yuko Chiungutwa na familia yake, korosho zao zimeanza kuanguka na siku nzima wameinama wanaokota. Mimi nilisharudi Masasi kwenye cherehani yangu, ila leo nipo hapa Chilangala. Nimekuja kufungua nyumba ipate hewa. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, pale pako, karatasi juu ya goti. Jirani yako Mama Zuhura ameniletea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, bado inatoa moshi. Kaniambia, "Kula kwanza, kufagia baadaye. Vumbi halina pa kwenda."

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Bomba la maji limefika karibu na kanisa, Mama. Hatuteremki tena bondeni. Wasichana wanakwenda na ndoo wakiwa wamevaa nguo nzuri, wanarudi hawajatoka hata jasho, na bado wanalalamika foleni. Ungewasema, halafu ungecheka. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Ule mkorosho mkubwa wa upande wa barabara umeangushwa na upepo, na sasa ukikaa hapa unaona mpaka paa la kanisa.

Lakini najua wewe ungeniuliza nini kwanza. Ungeniuliza habari za mtunguja. Nitakupa, ila niache kwanza nikumbuke tulivyofika huko, maana sijapata mtu wa kuzungumza naye.

Unakumbuka tulivyotoka hospitali. Daktari alisema macho yako yameshazima na hakuna dawa ya kuyarudisha. Wewe ukamwambia, "Ahsante, mwanangu," kama mtu aliyepewa maji. Tulipofika nyumbani ukaingia ndani, ukalala, ukageukia ukutani.

Nikafunga cherehani nikaja kukaa nawe. Nilidhani ni majonzi ya wiki moja mbili yatapita. Hayakupita. Ulikuwa unakula matonge mawili unasukuma sahani. Kina mama wa kanisani walikuja kusali, ukawaitikia vizuri, walipotoka ukageukia tena ukuta. Wewe, Mama Yohana, uliyekuwa unatangulia shambani kabla ya jogoo wa mtu yeyote! Siku moja nilitoka nje nikamwambia Mama Zuhura, "Mwili upo, mwenyewe hayupo." Akanishika mkono tu. Sikuwa naogopa upofu wako, Mama. Niliogopa kwamba umeshaamua kufa, na kwamba ukishaamua jambo hakuna wa kukugeuza.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nakushika mkono kukupeleka kuoga, tukapita nyuma ya bafu, kitu kikakamata khanga yako. Ukavuta, kikakuchoma kiganjani.

"Nini hiki?"

"Mtunguja tu, Mama."

"Mtunguja? Uani kwangu?"

Niliona aibu kwa niaba yako. Ua wako haukuwahi kuota jani lisilo na kazi. Nikasema nitaleta jembe niung'oe sasa hivi.

"Ngoja," ukasema. Ulikuwa unafyonza kiganja. "Una maua?"

"Unayo."

"Yakoje?"

"Ya zambarau."

"Zambarau ya namna gani? Wewe si fundi wa nguo? Ukimuuzia mtu kitambaa unamwambia zambarau tu?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko uliyosema mwezi mzima. Nilikuacha umesimama, umeshika ukuta wa bafu, nikachuchumaa nikatazama. Nikakuambia ni kama kile kitambaa cha madhabahuni cha Kwaresima, kikishafuliwa miaka mingi, kingoni kimepauka na katikati bado kimekoza. Ukaitikia kwa kichwa taratibu. Kitambaa hicho ulikuwa unakijua, ulikifua wewe mwenyewe.

"Nimeufyeka tangu nikiwa msichana," ukasema. "Kwenye mihogo, kwenye mbaazi, chini ya mikorosho. Sikuwahi kuinama kuutazama. Endelea."

Nikaendelea. Nikakuambia ua halina petali zilizoachana kama za maua mengine. Ni kipande kimoja, kina ncha tano kama nyota, kimejikunja mistari kama gauni lililofinywa vizuri kiunoni. Limeinamisha uso, linatazama chini, mpaka uliinue kwa kidole. Katikati pana vijiti vitano vya manjano vimekutanisha ncha, kama vidole vya mtu anayetaka kuokota chumvi. Ukakunja vidole vyako hivyohivyo, ukanionyesha. "Hivi?" "Hivyohivyo, Mama."

Ukauliza majani. Ukataka kuyagusa mwenyewe, nikakuongoza mkono. Ukagundua kabla sijakuambia kwamba upande wa chini ni laini kama flana, na kwamba katikati ya flana hiyo miiba imejipanga kwenye mshipa wa jani. "Kumbe mpaka huku chini," ukasema, na hukuondoa mkono. Ukauliza matunda. Nikakuambia mabichi ni ya kijani yenye michirizi myeupe, utadhani tikiti maji la mwanasesere, na yaliyoiva ni ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Hapo ukakunja uso: "Watoto wa jirani wasiguse. Ni sumu hayo." Nilifurahi, Mama. Mtu aliyeamua kufa hawazi watoto wa jirani.

Siku hiyo ulimaliza chakula.

Kuanzia hapo kila asubuhi ukawa unatoka kabla sijakuita. Ua jipya lipo? La jana limefanyaje? Nilijifunza kwamba la jana hunyauka na kujifunga kama mwavuli. Nilijifunza kwamba maua hutoka kwa mafungu, lakini tunda kubwa hutokana na moja tu lililo chini kabisa, mengine huanguka bure. Ukasema, "Kama mimi. Nimezaa saba, nimebaki na ninyi wawili." Ulilisema bila kilio, na mimi sikujua nifanye nini na uso wangu, nikashukuru kwamba huuoni.

Na ile siku ya nyuki! Hiyo siwezi kuisahau. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, ghafla ukainua mkono. "Nyamaza. Yule nyuki amebadilisha sauti." Mimi sikuwa nimesikia nyuki wala sauti. Nikasogea. Lilikuwa lile dude jeusi, nene, limekumbatia vile vijiti vya manjano kwa miguu yote, mbawa zimetulia, mwili mzima unatetemeka na kulia kama cherehani ya umeme. Unga wa manjano ukamwagika tumboni kwake. Akaruka akaenda ua jingine, akaanza tena. Nilipokueleza ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Analitikisa kama mtu anavyotikisa mkorosho!" Mama Zuhura alisikia kicheko hicho kwake akaja mbio, akidhani kuna tatizo.

Mwezi ule ukaenda kwake kwa miguu, umeshika fimbo, mimi nyuma. Baadaye ukaenda kanisani. Ukarudi kuambua mbaazi na kugombana na mimi kuhusu chumvi.

Kisha akaja Kaka Yohana. Alikuja na moyo mzuri, nataka niliseme hilo. Alikukuta umenenepa akafurahi, akachukua panga akasafisha ua wote kama mwana anayempenda mama yake anavyofanya. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Nilipopanda kutoka bondeni nikaona nyuma ya bafu peupe.

"Kulikuwa na mitunguja, nimeikata," akasema, akijifuta jasho. "Ingemchoma Mama."

Wewe ulikuwa mlangoni. Ulisikia. Nilikutazama usoni nikitafuta kama utarudi ukutani.

"Yohana," ukasema, "umekata au umeng'oa?"

"Nimekata, Mama. Panga tu."

"Basi hujafanya kitu. Mimi nimepigana na mti huo kwa jembe maisha yangu yote, sikuushinda. Wewe utauweza kwa panga, asubuhi moja?"

Ndipo nikamweleza kaka habari zote. Alikaa chini palepale kwenye majani aliyoyafyeka, mtu mzima mwenye mke na watoto, akashika kichwa. Hakuondoka siku hiyo kama alivyopanga. Alibaki. Kila jioni alikuwa anamwaga maji ya kuogea kwenye kile kisiki, maji yale tuliyokuwa tunayabeba kwa kichwa kutoka bondeni. Na asubuhi moja ni yeye aliyekuja kukushika mkono, si mimi. Nilikuwa jikoni, nikamsikia: "Mama, kuna kichipukizi. Kina rangi ya majivu. Jani halijafunguka, mwiba umeshatoka." Mtu aliyekuwa anasema kichaka ni kichaka!

Ile homa ya masika ilikukuta bado mti haujachanua. Mchana wa mwisho uliokuwa na nguvu ya kuzungumza uliniuliza, "Maua?" Nikasema, "Bado, Mama. Mti una vitumba tu." Ukasema, "Haya." Hukusikitika. Ulinishika mkono ukausugua kwa kidole gumba, kama ulivyokuwa ukisugua lile jani upande wa chini.

Mtunguja ulichanua tulipotoka kukuzika, Mama. Wakati huo sikuweza kutazama. Leo nimeweza. Umefika kiunoni mwangu sasa, una matawi yasiyohesabika. Asubuhi hii maua ni mengi upande wa mashariki, na lile la juu kabisa limepauka kuliko yote, karibu jeupe, mistari ya zambarau imebaki katikati tu ya kila ncha, kama mtu alianza kutia rangi akaitwa. Kuna matunda mawili ya manjano, na moja limekauka, limekuwa kahawia, mbegu zinagonga ndani ukilitikisa. Panzi wa kijani amekula jani moja likawa wavu. Ningekupa lote hilo mkononi kama ningeweza.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa kaka. Baada ya arobaini yako nilianza kukosea tundu la sindano. Nikajidanganya kwamba ni kilio. Halafu nikaenda kupimwa. Ni ugonjwa uleule, Mama, presha ya macho. Daktari amesema huwa unatembea ndani ya familia. Lakini wangu umegunduliwa mapema, na kuna matone. Hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki, nami kilichobaki kwangu ni kingi. Niliogopa sana siku ile. Nilirudi nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Siku zilizofuata niliogopa kidogo, kwa sababu nimeshaona mtu akiishi gizani, akila, akicheka, akigombana kuhusu chumvi.

Kaka alikataa kupimwa. Alisema yeye anaona mpaka Msumbiji. Nilimwacha. Jana kanipigia simu mwenyewe: "Dada, nimejaribu kufumba jicho moja. Lile jingine lina ukungu pembeni." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto. Nimemwambia, "Nakuja kukuchukua, tutakwenda wote."

Kwa hiyo kwaheri kwa leo, Mama. Lala salama kwenye mchanga wako. Nakuahidi nitatia matone asubuhi na jioni, hata siku ya sikukuu, hata nikiwa na nguo za harusi za watu zinanisubiri. Na kesho nitakaa na Yohana kwenye benchi la hospitali mpaka aitwe, na akiitwa nitaingia naye.

Mwanao,
Agnesi