Shemeji, Kua Wamechukua Ubingwa

Shemeji Haji,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kukupokea. Yangu sina la kuisema. Nakula, nasali, nafundisha. Nakuandikia kukupa habari moja tu: timu yako ya Kua imechukua ubingwa.

Khitma ilipokwisha, dada yangu, mkeo, alinitolea lile kopo la ligi yetu. Yumo edani, hatoki, nami kwa kuwa ni kaka yake huingia kumjulia hali kila baada ya alasiri. Aliliweka mbele yangu akasema, "Kaka, chukueni makorokoro yenu. Lakini mmalize. Siku ile ya mwisho hakuniuliza dawa wala watoto. Aliniuliza, 'Kua wamebakiza mechi ngapi?'"

Alisema "chukueni" kana kwamba bado tuko wawili.

Nikamwambia imebaki moja, nayo ni dhidi yangu. Tuko sawa kwa pointi, na atakayeshinda ndiye bingwa.

"Basi icheze. Nataka kujua."

Nilifungua kopo. Yalikuwamo majina ya wachezaji uliyoyakata kwenye majalada ya madaftari, msimamo wa ligi kwa mwandiko wako mbaya, na komwe za bao. Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, redio ya shule ikakosa betri, wewe ndiwe uliyeubuni mchezo huu ili tusikose mpira. Mimi nilitaka dadu. Ukasema dadu ni kamari. Ukatia komwe mfukoni: timu kali komwe nyingi, timu dhaifu chache, zangu zimepakwa wino mwekundu. Tunachomoa mara tatu bila kutazama. Kila komwe ni goli la mwenyewe, kisha inarudishwa. Mimi nilichukua Kilindoni, mji wenye watu. Wewe ukachukua Kua ya kule Juani, mahali pasipoishi mtu, magofu matupu. Nilikucheka: "Nani atakufungia magoli? Popo?" Ukajibu, "Popo huruka, Mwalimu. Wako wanatambaa."

Miaka yote ulishika mkia. Msimu huu ulipanda, sijui vipi. Ulikwishafika komwe tano, kisha ukazishusha hadi nne kwa hiari yako: ulimweka nje Mshamu, mfungaji wako, kwa kosa la kutokwenda shamba la kijiji. Nilikuambia, "Haji, huyu ni mtu wa karatasi." Ukasema, "Hata wa karatasi alime."

Sasa nilikaa peke yangu kwenye mkeka wako. Nyekundu saba, zako nne. Kadi ya Mshamu ilikuwa pembeni. Kanuni inamruhusu meneja kumrudisha mchezaji wakati wowote, na meneja wa Kua, kwa siku hiyo, nilikuwa mimi. Dada alikuwa nyuma ya pazia akipeta mchele. Nikasikia ungo umenyamaza. Niliishika kadi ile kwa muda mrefu. Komwe ya tano ingekusaidia. Ingemsaidia naye. Lakini hukuniambia kama adhabu imekwisha.

Nikaiweka chini.

Ya kwanza ilitoka nyekundu. Ya pili haikuwa na wino. Ya tatu niliifuta kwa kanzu, nikidhani wino umechujuka. Haikuwa na wino. Mbili kwa moja.

Nilisubiri nifurahi, au nilie. Hakuna kilichokuja. Nikaandika matokeo, nikapiga mstari kwa rula.

"Kua," nilimwambia dada.

Pazia halikusogea. "Umemhurumia?"

"Wallahi sikuongeza hata moja."

"Apa tena."

Nikaapa tena. Akatoka, akaketi, akaumwaga mfuko, akazihesabu mwenyewe, akigeuzageuza kila moja. Saba. Nne. Ndipo alipolia. Haji, tangu mazishi alikuwa hajalia. Majirani walikwisha kumsema kwamba ana moyo wa jiwe. Alilia akisema, "Ameshinda mwenyewe. Mume wangu ameshinda mwenyewe." Alilia mpaka adhana ya magharibi, nami nikakaa pale, macho makavu, sijui mikono yangu niiweke wapi.

Aliponyamaza alijifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Kua sasa ni yangu. Na usije ukanilegezea, Kaka, kwa kuwa nimefiwa. Nikijua umenilegezea, nitakufukuza humu ndani."

Tumekwisha kuanza. Jana nilimfunga tatu bila. Alinitukana tusi ambalo sitaliandika.

Pumzika, shemeji yangu. Mola akufanyie wepesi huko uliko. Nakuahidi sitamlegezea hata siku moja. Na siku atakaponifunga kwa haki, nitakuja makaburini kukuambia kwa mdomo wangu. Huenda siku hiyo nitahisi kitu.

Shemeji yako,
Faki