Kutu ya Pini za Mzee wa Roketi

Jumatatu jioni, Al Thumama, huku ughaibuni

Wamempa Akinyi wangu kazi ya kupanga karatasi zote za mzee wa roketi! Kati ya wasomi wote wa maktaba anakofanya kazi, binti yangu. Nimeshampigia dada yangu Kisumu, amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Na mimi leo nimeharibu.

Akinyi alileta boksi moja la karatasi hizo nyumbani amalizie. Yule mzee, sasa marehemu, alikuwa afisa uhusiano wa kampuni, na baada ya kazi aliunda roketi. Barua za ofisi na michoro ya roketi alizibana pamoja kwa pini, zote zimeota kutu. Nikaona uchafu. Nikachomoa pini zote, nikaweka barua huku, michoro kule, safi kabisa.

"Mama, nani ameshika hizi?"

"Mimi. Zilikuwa shaghalabaghala."

"Alivyoziacha ndivyo zinavyotakiwa! Nitajuaje sasa mchoro upi ulikaa na barua ipi? Watanifuta kazi, Mama."

Hakula. Nami nikaziinamia tena zile karatasi.

Lakini madoa nayajua, miaka yote hii nafulia watu nguo. Kila pini imeacha alama yake ya kutu kwenye kila karatasi iliyoibana.

"Njoo uone. Doa hili na hili ni mapacha."

Tumerudisha mafungu mengi. Akacheka kidogo, akaniita profesa. Mimi bado naogopa kucheka, maana karatasi sita hazijapata wenzake, na mkubwa wake wa kazi na watoto wa marehemu, wote wanakuja Alhamisi kuzikagua.