Moshi wa Kumwonyesha Afisa

Jumatatu, 3 Juni

Ombi limejibiwa! Afisa wa umeme atafika Jumanne ijayo kukagua nyumba za wazee wanaopikia kuni. Zitakazothibitika kutokuwa na nishati nyingine zitaungiwa umeme bure. Barua inaanza: "Rejea ombi lako lenye kichwa tajwa hapo juu" — lugha safi, ya watu waliosoma. Nilimsomea mke wangu kwa sauti. Alikuwa akipuliza moto. Akauliza: huo umeme utawahi mapafu yangu, au unakuja kuniangazia matanga? Nikamjibu kwamba subira huvuta heri. Akakohoa hadi akashika ukuta.

Jumatano, 5 Juni

Binti yetu mshonaji amekuja kwa pikipiki, mtungi wa gesi mapajani, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Na jiko lake, jipya, linang'aa. Chai ilichemka kabla sijafunga kamba za viatu! Mama mtu akapika ameketi kwenye kiti, akiimba. Jioni nzima hakukohoa.

Mimi ndiye niliyekosa raha. Katika ombi niliandika kwa mkono wangu: "Mwombaji na mkewe hawana nishati nyingine yoyote isipokuwa kuni." Nilipoandika ilikuwa kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Binti ameondoka. Nimepeleka mtungi na jiko lake kwenye banda la mbuzi na kuvifunika magunia. Kwa muda tu — hadi afisa aondoke. Wazee wenzetu wametia dole gumba chini ya maneno yangu. Nikionekana mwongo mimi, watatupwa wote. Nilimweleza hayo kwa utaratibu. Mke wangu akasema niliposa karatasi, yeye nikamchukua awe shahidi. Kisha akaenda kuokota kuni.

Jumamosi, 8 Juni

Zahanati. Muuguzi akambana mke wangu kidole kwa kidude chenye taa cha kupima hewa kwenye damu, akaisoma namba, akakibana kidole kingine. Namba ile ile, ya chini. Akauliza tunapikia nini. Nikajibu: kuni. Mke wangu akatazama sakafu.

"Babu, bibi asikae tena kwenye moshi. Hata kidogo, umenisikia? Kama mna mtoto wa kuwanunulia gesi, mwambieni."

Nikasema kwamba suala hilo linashughulikiwa. Neno zuri. Njiani alipumzika kwenye kila jiwe.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Kuni zimelowa. Jirani amepita akicheka: Bwana Hati, kesho msifagie masizi, ndiyo wakili wenu! Nikacheka naye. Ndani mke wangu alikuwa akikohoa.

Usiku nilikwenda bandani. Nikauinua mtungi. Nikaurudisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwomba awashe mapema. Masizi afisa atayaona tu. Moshi utamwingia machoni, naye ataamini. Mke wangu akauliza: leo tu? Nikajibu: leo tu. Akajifunga kitambaa puani, akaingia jikoni. Mlango tumeushindika kwa sababu ya mvua.

Saa nne. Dereva amepiga simu — gari limenasa kwenye matope. Tuwavumilie. Nikapaza sauti: ongeza kuni kidogo, mama, wako njiani!

"Haya, Bwana Hati!" Sauti yake nyembamba. Hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la majirani.

Nimevaa koti. Nimeketi barazani na daftari hili. Maneno ya kumpokea nimeyapanga: "Mheshimiwa, karibu ujionee mwenyewe." Nimeyarudia kimoyomoyo, na kila mara kikohozi chake kikanikatiza kabla ya "karibu".

Sasa nimeyasema yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa.

Kikohozi kimekoma. Nilishukuru, kwanza.

Nimemwita. Labda mvua imemeza sauti. Nimemwita tena, kwa jina lake la usichana. Gari linaunguruma pale konani. Moshi unapita chini ya mlango wa jiko, mzito, unatambaa hadi barazani, kama nilivyoomba.

Honi. Afisa na angoje. Nakwenda kufungua mlango.