Plasta ya Masele

Mkolani, Mwanza
29 Juni 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mume wangu Revocatus hatujambo, ni mafua tu ya kiangazi. Mguu wako wa kulia bado unakusumbua asubuhi? Na mama, pumu imetulia?

Barua hii anakuja nayo mdogo wangu Masele. Usishtuke ukiona kifundo cha mguu alichoteguka mwezi uliopita kimefungwa utepe wa plasta. Kufunga miguu ya wachezaji ndiyo kazi yangu kwenye timu ya mpira, na tangu serikali iruhusu biashara huria plasta imejaa dukani kwa Chandulal. Ila mchezaji mpira huvaa kiatu, na Masele hucheza ngoma ya bugobogobo peku, akiruka na jembe. Kwa hiyo nimebadilisha ufungaji: vidole na unyayo wa mbele nimeviacha wazi ili asikie ardhi. Tafadhali, mtu asiifungue mpaka mashindano ya Jumamosi yapite.

Binti yako,
Teodora

Usagara
5 Julai 1994

Kwako Teodora,

Salamu. Huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na unamjua.

Masele alianguka kwenye mruko wa tatu, mbele ya umati wote. Wagika, wapinzani wetu wa ngoma, walitucheka mpaka wakakaa chini. Sasa Wagalu wenzangu wa chama chetu cha ngoma wananiuliza: binti aliyeolewa kwa Wagika atamfungia mchezaji wetu mguu kwa nia gani? Unajua ngoma zetu hazishindaniwi bila dawa. Ile plasta ilificha nini? Mbona ulisisitiza isifunguliwe? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mpaka nielewe, usikanyage hapa. Masele anataka kuja kwako. Nimemkataza, hasikii.

Baba yako,
Mhoja

Mkolani
9 Julai 1994

Baba,

Shikamoo. Hata ukinifukuza, shikamoo ni yako. Mama hajambo?

Masele alifika jana akichechemea, plasta ikiwa bado mguuni. Kano imechanika. Daktari amesema msimu huu hachezi tena, na mwakani hajui.

Nimeifungua plasta mwenyewe, baba. Mimi huanzia ndani ya mguu, napita chini ya kisigino, navuta kwenda nje, ili mguu usipinduke. Hii ilivutwa kinyume, ikausaidia mguu kupinduka. Na pamba niliyotandika chini yake haipo. Mkono uliofunga hivi si wangu.

Masele anaapa hakuigusa. Anasema Jumamosi asubuhi ulimnywesha dawa ya ngoma, akalala kama gogo, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Sikuulizi kwa hasira. Hapana, nakuuliza kwa hasira: nani aliifungua?

Teodora

Usagara
21 Agosti 1994

Mwanangu Teodora,

Hujambo? Na mkwe wangu Revocatus hajambo? Nilitaka kumwandikia yeye kwanza, mkono ukakataa. Masele namsikia kwa watu tu, wanasema sasa anatembea bila fimbo. Mguu wangu ni uleule.

Barua yako imekaa wiki sita chini ya mto wangu. Nadhani mama yako ameisoma, maana tangu siku hiyo chai yangu haina sukari.

Ni mimi. Niliibandua kwa ncha ya kisu kutafuta hirizi ya Wagika. Nikakuta pamba, na chini ya pamba ngozi ya mwanangu. Pamba nikaichoma, nikidhani ndiyo yenyewe. Kisha nikaona haya, nikairudishia plasta, nikaikaza kama ninavyokaza mpini wa jembe.

Alipoanguka nilijua palepale. Lakini watu walikuwa wameshataja jina lako, na mimi nikanyamaza. Mguu wa Masele unaniuma, ila huko kunyamaza kunaniuma zaidi.

Jumapili ijayo Wagalu wanakutana hapa nyumbani. Nimewaita na wakwe zako. Nitasema yote kwa mdomo wangu, Masele akiwepo. Halafu nitanyoosha huu mguu wa kulia, unifunge mbele yao wote, na mimi nitafumba macho.

Njoo na plasta ya kutosha. Mguu wangu ni mpana.

Baba yako,
Mhoja