Usiufuate Wembamba Wangu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kitako na mguu umeuweka juu ya kigoda kama wifi alivyokuagiza, ingawa nakujua, utakuwa umesimama karakana unapiga randa na kumwambia kila anayeuliza kwamba hauumi. Watoto hawajambo? Wifi naye, lile vumbi la mbao limeacha kumkohoza? Kuhusu afya yangu, mwaka mzima nimekuwa nikikwambia mimi ni mzima, hofu ni kwenu tu. Leo niruhusu nilipite hilo kwanza, tutalikuta mbele.

Nakuandikia kwa sababu ya kidole chako cha mguu. Juzi wifi alinipigia simu, akaniambia hii ni wiki ya tatu tangu msumari ukuchome, kidonda hakikauki na kimeanza kubadilika rangi, lakini wewe huna wasiwasi kwa kuwa unafuata dawa yangu ya mdalasini. Akaongeza, tena kwa furaha, kwamba vidonge vyako vya kisukari ulishavitupa chooni tangu mwezi uliopita. Kaka, nilikaa sakafuni. Nikakupigia papo hapo nikwambie ukweli. Ulivyopokea tu ukaniita daktari wako, ukacheka kile kicheko chako, na mimi nikajikuta nacheka, halafu nikakwambia uzidishe mdalasini! Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mambo yalianza na lile gauni langu la kijani lililopasuka ubavuni. Jirani yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliliangalia akanieleza bila kupepesa macho kwamba kitambaa hakina kosa, mwenye kosa ni mpamba keki anayelamba kila mwiko unaopita mbele yake. Unajua nilivyo na kiburi. Nikamwambia kuanzia kesho sukari na mimi basi. Na niliacha kweli, naapa. Asubuhi nikawa nakula mayai ya kuchemsha na parachichi. Chai nikaiwekea mdalasini na tangawizi, sukari hata punje. Uwatu nikaulaza kwenye maji usiku kucha, na hamu ikinishika natafuna kijiko kimoja, uchungu wake unakufanya usahau hata jina lako. Kwenye mfuko wa aproni nikawa natembea na mbegu za maboga. Siku ya tano kichwa kiliniuma mpaka nikamfokea bosi, ila nikajikaza kisabuni.

Siku tisa, kaka. Hizo siku tisa ni zangu, hakuna wa kuninyang'anya.

Siku ya kumi tulikuwa na keki ya harusi, ghorofa tatu. Keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba katikati, na kabla ya kupamba lazima nikate kile kilele ili ikae sawa. Vilele vinatiwa kwenye ndoo, na mwenye ndoo ni mimi. Nilimega kipande kidogo nionje kama imeiva. Nikamega kingine. Nilipokuja kuzinduka niko kwenye chumba cha baridi, mlango nimeurudisha, nakula kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani nimeshakata shauri kumwambia fundi kwamba nimeshindwa. Lakini yeye na mdomo wake alishatangaza jengo zima. Nilikuta wanawake wanne wananisubiri kwenye ngazi na madaftari yao, wanataka niwafundishe. Ningesemaje? Nikawafundisha. Jumamosi iliyofuata wakawa tisa, nikaazima viti. Wakanipa na jina, Bi Mdalasini, na mimi mjinga nikalipenda.

Tangu hapo nimefungwa, na kufuli nililinunua mwenyewe. Muuza duka wa chini amekataa kuniuzia sukari, ananitikisia kidole na kuniuliza kama namjaribu. Nikitaka soda nasema ni ya mgeni, na lazima mgeni aonekane. Fundi anaingia jikoni kwangu bila hodi, anafunua mikebe, anaondoka ameridhika. Mtaani nikitembea nahisi macho yote yako mdomoni kwangu. Mahali pekee nilipobaki huru ni kile chumba cha baridi, na uhuru wenyewe ni wa kula nimesimama, meno yanagongana, huku nasikiliza nyayo za watu nje. Mtu akigonga nasema nahesabu mayai. Bosi ananisifu kwamba hajawahi kuona mpambaji anayejali mayai kiasi hiki, yaani mpaka sifa za uongo nazo zinanifuata huko.

Kisha nikaanza kupungua. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana nilijua ninachokula. Fundi akalibana lile gauni kiunoni, baada ya mwezi akalibana tena, mara ya tatu akapiga vigelegele peke yake chumbani. Nikawa nakunywa maji jagi baada ya jagi, kiu haikatiki, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba maji ndiyo yanaua hamu. Choo nacho kikawa hakinipi nafasi, nikawaambia hiyo ni sumu inatoka. Waliandika, kaka! Kila nilichokuwa nacho nilikigeuza somo.

Ndipo tukakutana kwa mama. Ukaninyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu, ukaniuliza siri ni nini, ukatoa penseli yako ya useremala ukaandika yote kwenye kipande cha ubao. Sikukwambia uache vidonge, hilo nashukuru. Lakini uliniuliza kama kuna dawa yoyote ya hospitali ninayotumia, na mimi nikacheka nikasema hospitali nimeshasahau hata mlango uko upande gani. Ukaangalia mkebe wako wa vidonge. Niliona, na sikusema kitu, kwa sababu shangazi zetu walikuwa wananiangalia wakitamani kuwa kama mimi.

Sasa lile nililolipita mwanzo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naandika jina kwenye keki, na herufi zikaanza kuyeyuka mbele ya macho. Nikadhani ni krimu. Bosi akaitazama, akasema krimu ni nzima na jina halisomeki, akanipeleka zahanati mwenyewe. Muuguzi alinitoboa kidole, akaangalia kile kipimo, akanitoboa kingine. Aliniuliza nimepungua kilo ngapi, nami nikaanza kumsimulia uwatu wangu kwa madaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia taratibu kwamba mdalasini na uwatu ni chakula kizuri, nile nikipenda, lakini sivyo vilivyonipunguza. Kilichonipunguza ni kisukari. Mwili wangu umekuwa ukijila wenyewe kwa miezi, na ile kiu, na ule wembamba uliokufanya uninyanyue kwa mkono mmoja, ndio ugonjwa wenyewe.

Umeelewa, kaka? Hukuona mtu aliyepona. Ulimwona mgonjwa anayeendelea kula keki, ukatupa dawa zako ili uwe kama yeye.

Nimeanza vidonge. Ni vyeupe, vikubwa, kama vile vyako. Navificha ndani ya soksi, na Jumamosi iliyofuata nilifundisha tena, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulisema wenyewe na wao wakapiga makofi. Sijui nitawaambia lini. Lakini wao wana miguu mizima, wewe huna.

Jana nilirudi kwa yule muuguzi, nikamweleza habari ya kidonda chako kama vile ni cha mtu baki. Aliweka kalamu chini, akasema mtu huyo asingoje hata siku moja, aende leo na mguu wake na aseme wazi kwamba ameacha dawa. Kwa hiyo namkabidhi barua hii kondakta wa basi la asubuhi, ikufikie karakana kabla ya mchana. Ukimaliza kusoma mpe wifi naye asome, asikuache ujibishane, akuchukue. Matusi yangu niwekee, nitakuja kuyapokea yote nimekaa. Nakupenda kaka, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nisalimie wifi na watoto, na mafundi wenzako wote. Na nikikupigia jioni, nikacheka, nikakwambia kwamba haya niliyoandika yalikuwa mzaha tu, tafadhali usiniamini.

Ni mimi mdogo wako,
mpamba keki.