Mawe ya Shamba Letu Usiyatoe

Kambi ya mugodi

Mama Asani, muke wangu,

Umeamkaje huko Lusangi? Asani ameacha kukohoa? Huku mwili wangu iko muzima, lakini roho inaniuma. Nyumba nimepata, na wewe hujafika.

Juzi mutu wa kwetu alifika hapa, akasema mbele ya watu, "Ramazani, shamba ya muke wako kule mulimani imekuwa safi! Monitere, yule anayefundisha watu kulima pamba, anamutolea mawe, anamukatia miti na shoka yake." Kambi nzima ikacheka. Nani kwetu hajui kwamba kukata miti mu shamba ya mwanamuke ni kazi ya bwana yake? Chakula kilinishinda siku ile.

Tena najua hii barua atakusomea yeye, maana hapo hakuna mwingine anayejua kusoma. Haya, Monitere, soma kwa sauti, usiruke neno.

Wewe ulifundishwa pamba, mawe huyajui. Huku tulikwangua udongo wote, likabaki jiwe tupu. Nikipumzika naangalia. Kwanza inaota ile kijani ya utelezi, inashika vumbi, na vumbi inashika mbegu. Sasa iko mukuyu mudogo pale, majani yake magumu, haupotezi maji ovyo. Muzizi wake ulitambaa juu ya jiwe mpaka ukapata ufa, ukazama. Chini ya jiwe udongo haukauki upesi. Muhogo wa Mama Asani unafanya vilevile: unapinda, unapita kando, unanenepa pale panapo nafasi. Ukitoa mawe yote, mvua itapeleka udongo mutoni, na wewe utahamia shamba ya muke wa mwingine!

Ndiyo, Mama Asani, niko na wivu, siufichi. Uliniahidi kwamba nikipata nyumba ya watu wa ndoa utanifuata. Kapita, musimamizi wetu wa kazi, anasema usipofika kabla ya kiangazi, nyumba atapewa mwingine mwenye muke wake hapa. Muhogo uache, unajua kujitafutia. Mimi sijui. Hapa nakula peke yangu, nalala nikiwaza ile shoka.

Nisalimie mama yako, mukwe wangu ninayemuheshimu, na shangazi yangu mufinyanzi. Mubusu Asani.

Na wewe Monitere, kalamu uiweke chini. Sitaki jibu la mukono wako. Kila kamyo inayoleta watu kutoka Kasongo ikisimama hapa nitaangalia nani anashuka, na hilo ndilo jibu.

Mimi bwana yako,
Ramazani, Baba Asani