Dawa ya Injini kwenye Jino la Mutua

Jumatatu, 2 Julai 1979
Ukungu, manyunyu, baridi ya kuuma vidole. Nimepika chai ya watu wawili. Mutua, ndugu yangu, hakunywa. Jino. Ni fundi wa malori, anabeba gia boksi begani, lakini koleo la daktari wa meno linamtoa jasho.

Jumanne, 3 Julai
Chumba kinanuka utamu wa hospitali. Ni ile dawa ya mkebe wanayopulizia injini ya dizeli ikikataa kuwaka asubuhi. Analowesha pamba, anabana jinoni, anajifunika blanketi gubigubi. Anasema gereji nzima hutibu meno hivyo. Mimi kichwa kiliniuma kutwa. Kazini nimekosea kuchapa barua mbili.

Alhamisi, 5 Julai
Baridi tena. Saa kumi na mbili asubuhi nilishika kiberiti niwashe stovu. Harufu ikanizuia. Nikamwita Mutua. Kimya. Nikavuta blanketi. Midomo rangi ya majivu, kitambaa kizima kimelowa puani. Si pamba tena, si jino tena. Nikafungua mlango, nikamburuta hadi nje. Akatapika. Alinitazama kama mpangaji mgeni.

Sikwenda kazini. Nimesoma mkebe: etha, heptani, gesi ya kusukuma. Usivute mvuke. Weka mbali na moto. Etha naijua. Kidato cha tatu mwalimu aliwalaza vyura kwayo kabla ya kuwapasua. Mvuke wake ni mzito, hutambaa sakafuni. Stovu yangu iko sakafuni. Kiberiti kimoja tu.

Ijumaa, 6 Julai
Nimemweleza yote, polepole, kama darasani. Akacheka.
“Dada, ningekuwa chura ningeshakufa.”
“Jana ulikuwa umekufa. Mimi ndiye niliyekuona.”
Jioni nimekuta mkebe mwingine chini ya mto wake.

Jumamosi, 7 Julai
Nilikwenda gereji na mikebe yote miwili. Nikamweleza mwenye gereji yote mbele ya watu, kwa sababu kando asingenisikia. Mafundi wakaguna. Mmoja akaniita mwalimu, akauliza kama nimeleta na chaki. Mzee hakucheka. Akaifungia kabatini, akasema atakayeitaka aje na lori, si na jino. Mutua hakuinua macho. Nimemwaibisha. Ningefanya tena.
Saa tisa alichukua nguo zake. Hakuaga.

Jumapili, 8 Julai
Jua kidogo. Sikwenda kanisani. Fundi mwenzake alipita: Mutua aling'olewa jino jana jioni, wawili wakimshika miguu. Analala kwa fundi huyo. Kabati bado limefungwa. Nikauliza kama ametuma neno lolote. Hakutuma.
Nimefua shuka zake. Harufu imetoka. Chumba kikubwa mno. Nimepika ugali mwingi, nusu nimempa jirani. Yu hai, na hataki kuniona. Nimekubali.
Ninalala sasa, saa tatu na dakika ishirini usiku.